Uongo Mmoja wa Yamamoto Sakubei

Mwanamume amelala ubavu ndani ya tundu ambalo halimtoshi hata kuketi. Amepiga ubinda, hana kingine mwilini, na sururu yake fupi imeelekezwa kwenye ukuta mweusi ulio karibu na uso. Nyuma yake yupo mwanamke, kifua wazi, nywele amezifunga kwa kitambaa, anayakusanya makaa yanayoanguka na kuyatia kwenye sanduku atakaloliburuta kwa kamba hadi kwenye njia ya reli. Koroboi imening'inizwa kando. Wawili hawa ni mume na mke, na hapo wako kazini. Pembeni mwa picha, pale ambapo mchoraji mwingine angeacha karatasi nyeupe, pamejaa maandishi: jina la kifaa, kina cha tabaka la makaa, nani alilipwa nini, nani alikuwa akifanya nini nyumbani wakati wazazi wako chini.

Aliyeichora ni Yamamoto Sakubei, mchimba makaa wa eneo la Chikuho, kaskazini mwa kisiwa cha Kyushu nchini Japani. Alizaliwa mwaka 1892, akafa mwaka 1984. Baba yake alikuwa mwendesha mashua katika mto Onga, akisafirisha makaa kwenda pwani, mpaka reli ilipokuja kuwanyang'anya wenye mashua riziki yao. Familia ikahamia mgodini Sakubei angali mtoto. Yeye mwenyewe aliingia chini kama mfanyakazi akiwa kijana mdogo, na akaishi kwa kazi ya migodi, mara mchimbaji, mara mhunzi wa kunoa sururu, kwa takriban miaka 50. Alianza kuchora kwa bidii alipokwisha kuvuka miaka 60, wakati migodi ya Chikuho ilikuwa inafungwa mmoja baada ya mwingine kwa sababu Japani imegeukia mafuta, na yeye akiwa mlinzi wa usiku. Mwanawe wa kwanza alikuwa amekufa vitani. Alisema anachora ili wajukuu wake wajue jinsi watu walivyoishi mgodini. Kwanza alitumia wino, kisha rangi za maji.

Kitabu cha kwanza cha picha hizo kilitoka mwaka 1963, na kingine kilichochanganya picha na simulizi zake kikatoka mwaka 1967. Mwezi Mei 2011, UNESCO iliingiza kazi zake 697, zikiwamo picha 589, katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Japani kupata nafasi katika orodha hiyo. Tangu hapo karibu kila anayemtaja Sakubei humwita shahidi. Picha zake huitwa ushahidi, hati, rekodi, hazina ya historia.

Sina ugomvi na sifa hizo. Ninachokataa ni kwamba zinaishia hapo. Sisi tuliosoma fasihi kwa fani na maudhui tunaujua vizuri ugonjwa huu kwa sura yake ya darasani: kazi ikitoka kwa mtu tuliyemzoea kumwita msanii, tunatafuta fani, ikitoka kwa mfanyakazi, tunaruka moja kwa moja kwenye maudhui, tunachukua taarifa tunazozitaka na kumshukuru mzee kwa kumbukumbu zake nzuri. Naandika tasnifu ya uzamili kuhusu tawasifu, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyoona kwamba mgawanyo huu unawaonea watu wale wale. Waziri mstaafu akiandika maisha yake tunamchambua mtindo. Mchimba makaa akichora maisha yake tunamwuliza ilikuwa mwaka gani.

Basi nianze na fani. Jambo la kwanza ni kwamba Sakubei anarudia. Tukio lile lile, mume na mke kwenye tundu, koga ya pamoja baada ya kazi katika maji yaliyokwisha kuwa meusi, mnyapara akimpiga aliyejaribu kutoroka, amelichora tena na tena. Anayetafuta rekodi atachagua picha moja iliyo bora na kuziona nyingine kuwa nakala. Lakini zikiwekwa pamoja zinaonyesha kitu kingine. Mkono umesogea, sanduku limegeuzwa, maneno ya pembeni yameongezeka au yamepungua. Hivyo ndivyo msimulizi wa mdomo anavyofanya kazi. Bibi akisimulia hadithi ya sungura leo na kesho, hakuna anayesema kwamba ya kesho ni nakala. Sakubei alikuwa na mdomo wa bibi na mkono wa mhunzi, na akisimulia jambo mara kumi, mara ya kumi huwa ni simulizi nzima.

Jambo la pili ni nyuso. Watu wake hawalii. Anayepigwa, anayepiga, anayebeba mzigo, anayeoga, wote wana uso uliotulia, karibu sawa, kama nyuso za picha za zamani za Kijapani zilizochapwa kwa vibao vya mti. Mwanzoni utulivu huo unaweza kukufanya udhani hana uwezo wa kuchora huzuni. Mimi nadhani anajizuia. Katika picha ya mtoro aliyefungwa na kuchapwa mbele ya wenzake ili wengine waogope, hakuna uso unaokuambia uhisi nini. Huruma imehamishiwa kwenye maandishi, ambako analeta utani, kejeli, na hesabu za deni. Na deni ndilo lililowafanya watu watoroke usiku. Mchimbaji aliishi katika nyumba za safu chini ya mnyapara, akilipwa mara nyingi kwa vocha zinazokubalika kwenye duka la mgodi tu. Msomaji wa Tanzania aliyewahi kusikia habari za manamba wa mashamba ya mkonge hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Jambo la tatu ndilo lililonifanya niandike makala haya. Sakubei aliwahi kusema kwamba katika picha zake kuna uongo mmoja tu. Mgodini kulikuwa na giza totoro. Hakuna aliyeweza kuona vile anavyotuonyesha, kwa rangi hizo, kwa uwazi huo.

Tafakari uzito wa maneno hayo. Shahidi mkuu wa migodi ya Chikuho anakuambia kwamba kila picha ya chini ya ardhi aliyoichora inaonyesha kitu ambacho hakuna jicho lililowahi kukiona, hata lake. Koroboi ilimulika duara dogo: ncha ya sururu, kiganja, kipande cha ukuta. Mume hakumwona mke wake mzima; alimsikia akiburuta. Kwa hiyo mwili ule uliolala ubavu, mgongo uliopinda, sanduku, kamba, nguzo za paa, vyote pamoja katika mtazamo mmoja, havikutoka kwenye jicho linalokumbuka. Vilitoka kwenye mikono, mabega na masikio ya mtu aliyekaa gizani nusu karne, kisha akiwa mzee akavipa umbo la kuonekana. Kazi hiyo kubwa ya ubunifu ndiyo tunayoipoteza tunapomwita shahidi na kunyamaza.

Na kwa nini aliwasha taa? Kwa sababu ya wajukuu. Karatasi iliyopakwa weusi ingekuwa sahihi zaidi, na isingewafaa kitu. Nuru katika picha zake ni adabu kwa mgeni, kama unavyomwashia taa anayeingia nyumbani kwako kwa mara ya kwanza ingawa wewe mwenyewe unapita kwa kupapasa. Lakini alijua kwamba adabu hiyo inadanganya, na ndiyo sababu maandishi yapo. Picha inatoa nuru, maandishi yanarudisha giza: joto, harufu, jasho, bei ya mchele, gesi inayoweza kulipuka. Nimekutana mara nyingi mtandaoni na picha hizi zikiwa zimekatwa pembeni ili zikae vizuri kwenye skrini, mume na mke na koroboi tu, bila neno hata moja. Kwangu hilo ni sawa na kutoa kitabu baada ya kuchana kurasa zinazomkosoa mwandishi. Mimi sisomi Kijapani. Ninayafikia maneno yake kwa tafsiri. Hata hivyo nataka safu zile za herufi ziwepo mbele ya macho yangu, kwa sababu zinanizuia kuiamini picha kupita kiasi.

Maana nuru ina gharama, na gharama hiyo inaonekana zaidi kwa wanawake. Wanawake wa Sakubei ni wazuri. Wana mabega ya nguvu, nywele zilizotengenezwa, ngozi safi kuliko inavyowezekana mtu kuwa nayo baada ya saa kumi na zaidi za kuburuta makaa. Nadhani aliwachora kwa heshima. Alijua kwamba bila mwanamke wa nyuma mwanamume wa mbele hapati mshahara, na anasema wazi kwamba mke akitoka mgodini alianza zamu nyingine: kupika, kufua, kunyonyesha. Katika picha moja mashuhuri mtoto anakwenda mgodini na wazazi huku amembeba mdogo wake mgongoni. Hata hivyo, heshima ya mwanamume anayetazama si sawa na sauti ya anayetazamwa.

Kwa bahati nzuri, mtu mwingine wa Chikuho alikuwa akiifanya kazi hiyo nyingine wakati ule ule. Mshairi Morisaki Kazue alihamia katika eneo hilo, akawatafuta wanawake wazee waliowahi kufanya kazi chini kabla sheria hazijaanza kuwaondoa mgodini miaka ya 1930, akawasikiliza, na mwaka 1961 akachapisha simulizi zao katika kitabu alichokiita Makkura, yaani giza totoro. Jina hilo lenyewe ni kama jibu kwa Sakubei, ingawa kitabu chake cha kwanza kilikuwa bado hakijatoka. Yeye aliwasha taa ili tuone miili. Morisaki aliacha giza lilivyo ili tusikie sauti. Wanawake wake wanazungumza kwa lugha yao ya mgodini, si Kijapani cha shuleni, na hawaombi kuhurumiwa. Wapo wanaojivunia nguvu zao. Ningependa kila anayetaka kuziandikia picha za Sakubei alazimishwe kwanza kukisoma kitabu hicho, kisha azirudie picha na kuuliza mwanamke yule mwenye kamba anafikiri nini.

Hapa Kiswahili kinanisaidia kwa namna ambayo sikuitegemea. UNESCO inasema kumbukumbu. Lakini wachoraji wa Lubumbashi, katika Kiswahili cha Shaba, walikuwa na neno jingine kwa picha za aina fulani: ukumbusho. Mtaalamu wa anthropolojia Johannes Fabian, aliyeishi nao miaka ya 1970, anaeleza kwamba picha ya ukumbusho haikuthaminiwa kwa kuhifadhi jambo. Ilithaminiwa kwa kumfanya mtazamaji akumbuke, awaze, aanze kuzungumza na walio sebuleni. Mmoja wao, Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, alimchorea Fabian historia nzima ya nchi yake katika picha zipatazo mia moja kati ya mwaka 1973 na 1974, huku akizieleza moja moja kwa Kiswahili. Miongoni mwa aliyoyachora ni wafanyakazi wa Union Minière waliopigwa risasi na askari katika mgomo wa Desemba 1941, miaka sita kabla yeye hajazaliwa.

Tofauti kati ya wawili hawa ni kubwa. Tshibumba alijiita mwanahistoria na alitaka kuibishia historia ya wakoloni. Sakubei alisema anawachorea wajukuu. Tshibumba alichora alichosimuliwa, Sakubei alichora alichokiishi. Lakini wote wawili waliona kwamba picha peke yake haitoshi na maneno peke yake hayatoshi, na wote walichora kwa ajili ya mazungumzo. Nikiziita picha za Sakubei ukumbusho badala ya kumbukumbu, uongo wake mmoja haunisumbui tena kama kasoro ya ushahidi. Kumbukumbu hupimwa kwa usahihi. Ukumbusho hupimwa kwa kinachotokea chumbani baada ya kutazamwa.

Neno hilo linafungua pia mlango kwa picha ambazo watafuta ushahidi hawajui wazifanyie nini. Sakubei alichora kisa cha mchimbaji aliyeungua katika mlipuko wa gesi na kulazwa nyumbani. Usiku wakaja wageni kumjulia hali, mmoja akijitambulisha kuwa daktari, wakaanza kuuhudumia mwili wake kwa kumbandua ngozi iliyoungua. Kulipokucha alikuwa amekufa. Ikasemwa kwamba wale walikuwa mbweha waliojigeuza watu, kwa maana mbweha hupenda ngozi ya majeraha ya moto. Kisa hiki amekichora kwa uso ule ule mtulivu na kwa umakini ule ule aliotumia kuchora koroboi. Hakusema watu walidhani, alichora mbweha. Kwa mwanahistoria wa viwanda hiyo ni imani ya kale ya kuwekwa katika kisanduku cha mila, pamoja na mwiko wa kupiga mluzi mgodini. Kwangu ni mojawapo ya picha za kweli kabisa alizochora, kwa sababu inaonyesha jinsi jamii isiyo na hospitali ya maana ilivyojieleza kifo ambacho wote walikijua chanzo chake. Daktari aliyekuja ni mbweha. Katika kambi ambako huduma zote zilikuwa mkononi mwa mwenye mgodi, sijui kama kisa hicho kingeweza kusimuliwa kwa usalama zaidi ya hivyo.

Kaka wa babu yangu mzaa mama alikwenda Sauzi kuchimba dhahabu, kama walivyokwenda vijana wengi wa Rungwe kabla ya uhuru. Alirudi na sanduku la bati na maneno machache ya Kifanagalo, ambayo alituchekeshea wakati wa sikukuu. Sikumbuki kama kuna aliyewahi kumwuliza chini kukoje. Tulimwuliza kuhusu treni, kuhusu taa za Johannesburg, na yeye alitujibu tulichouliza. Naliandika hili kwa sababu nadhani kunyamaza kwa wazee wa namna yake hakutokani na kukosa kumbukumbu. Kulikosekana mtu wa kuwashiwa taa. Sakubei aliwachagua watazamaji wake kabla hawajamwomba, na uchaguzi huo ni tendo la kisanaa sawa na kuchagua rangi.

Kumpenda msanii hakutuzuii kuuliza kuhusu alichokiacha. Ulimwengu alioujaza rangi Sakubei ni ule wa enzi za Meiji na Taisho, yaani kabla ya mwaka 1926: koroboi, sururu, mume na mke, machafuko ya mchele ya mwaka 1918. Wakati wa vita, hadi mwaka 1945, migodi ya Japani, ya Chikuho ikiwamo, iliendeshwa pia kwa jasho la maelfu ya Wakorea, wengi wao wakiwa wamepelekwa bila hiari. Swali hilo halijaisha. Mwaka 2015, maeneo ya viwanda vya enzi ya Meiji yalipoombewa nafasi katika Urithi wa Dunia, Korea Kusini ilipinga vikali, na mjumbe wa Japani akalazimika kukiri mbele ya kamati kwamba Wakorea wengi walifanyishwa kazi katika baadhi ya maeneo hayo kwa kulazimishwa. Ukizitazama picha za Sakubei peke yake, unaweza kuondoka ukidhani kwamba mgodi ulikuwa mateso ya familia moja kubwa ya Wajapani maskini. Hilo si kosa lake yeye aliyechora enzi ya ujana wake. Ni kosa la taasisi zinazoitaka kazi ya mtu mmoja ibebe kumbukumbu ya wote, halafu zikapumzika. Ukumbusho mmoja hauzuii mwingine kutundikwa ukutani, lakini kumbukumbu rasmi ina tabia ya kufunga mlango nyuma yake.

Yeye mwenyewe hakuamini kwamba hadithi imekwisha. Akitazama nyuma kutoka koroboi hadi taa za umeme, kutoka sururu hadi mashine, aliandika kwa maana hii: kilichobadilika ni juu tu, chini hakukubadilika, na mgodi wa makaa ni kama Japani yenyewe iliyopunguzwa ukubwa. Ni hukumu ya mtu anayejua neno chini lina maana gani. Picha zake ziliingizwa katika orodha ya UNESCO miezi miwili na nusu tu baada ya ajali ya nyuklia ya Fukushima, wakati Japani ilikuwa inajiuliza upya nishati yake inatoka wapi na ni mwili wa nani unaoilipia. Siwezi kufikiria wakati ambao ungefaa zaidi kwa picha hizo kufanya kazi ya ukumbusho, na siwezi kuwalaumu waliochagua kuzitazama kama mambo ya zamani.

Ushauri wangu kwa atakayezitafuta ni mdogo. Chagua tukio moja na tafuta picha zake kadhaa, usitosheke na iliyo nzuri. Ikatae iliyokatwa maandishi. Kisha, ukiwa na mzee aliyewahi kushuka chini popote pale, Kiwira au Sauzi au Katanga, mwekee picha hiyo mbele yake na usimwulize chochote kuhusu Japani.